Nguo za Mtoi Zimeanza Kumbana? Hivi Ndivyo Utaziuza Mtandaoni Bila Kupigwa na Wakora

Cheki chini ya kitanda. Ama juu ya kabati. Kuna lile begi la mistari ya bluu na nyekundu lenye kila keja ya Kenya inalo. Ndani kuna rompa ya njano yenye mtoi wako alivaa mara tatu tu, sweta yenye shosh alifuma kwa mkono, na viatu vidogo vyenye havijawahi kukanyaga chini. Hizo si takataka. Hizo ni doh zimelala, na kila mwezi zinazidi kupoteza bei.

Hii stori naijua kwa sababu imenipata. Niliacha campo mwaka wa pili mtoi akiwa njiani, na alipofikisha miezi minane landilodi alikuwa anaujua mlango wetu kuliko majirani. Siku moja nikakaa chini nikahesabu nguo zenye hazikuwa zinamtosha tena. Vipande 31. Niliziuza kwa wiki mbili hivi. Hazikulipa kodi yote, lakini zilisongesha nusu, na zikabaki za kumnunulia saizi iliyofuata. Katikati ya hiyo safari mkora mmoja alinipiga seti nzima. Nitakuambia alifanya aje, ndio wewe usipigwe.

Hapa nimeweka kila kitu: kuchagua, kufua, kusoma saizi, picha, bei, pahali pa kuposti, kulipwa na kufikisha mzigo. Soma mara moja, halafu urudi ukiwa na begi mbele yako.

Kwa nini hizi nguo zinauzika

Mtoi anazaliwa na kilo 3 na kitu hivi. Akifika miezi mitano, wengi huwa wameshafika mara mbili ya hiyo. Akifika mwaka mmoja, ni karibu mara tatu. Urefu nao unatoka kama sentimita 50 hadi karibu 75. Hiyo yote kwa miezi 12. Kwa hivyo mwaka wa kwanza peke yake mtoi anapitia saizi tano au zaidi, na kila saizi anaivaa miezi miwili, mitatu hivi, anaiacha. Ndio maana nguo ya mtoi mdogo huwa haichakai. Anaiacha ikiwa bado iko fiti.

Sasa shida. Uko Kenya, na mtumba uko kila kona. Ukienda Gikomba, Toi ama Mutindwa siku ya kufungua robota, nguo ya mtoi inaweza kuanguka hadi finje. Huwezi kushinda Gikomba kwa bei, na usijaribu.

Lakini kuna vitu uko navyo na Gikomba haina. Unajua ni nani alivaa hiyo nguo. Unajua ilifuliwa na nini. Uko na saizi moja nzima pahali pamoja, haitafutwi kipande kwa kipande. Na kuna mathe ako na mimba ya miezi minane, miguu imefura, hawezi kubanana na watu kwa matope akiinama juu ya rundo. Huyo ndio mteja wako. Anakulipa kwa sababu anakuamini na kwa sababu umemwondolea usumbufu. Kila kitu kingine kwa hii makala kinatoka hapo.

Kwanza, bonga na watu wa nyumbani

Wasee wengi wanaruka hii, halafu inawaletea kesi. Kabla hujaposti hata soksi moja, uliza mwenzako kama mna mpango wa mtoi mwingine hivi karibuni. Kama upo, weka zile nzito na za bei, uza zile za kawaida.

Halafu kuna wazazi. Kwa familia nyingi nguo za mtoi haziendi kwa mtu msiyemjua. Wengine ni mila, wengine ni woga, wengine wanataka tu zipelekwe kwa binamu huko ocha. Mathe yangu aliposikia nauza, alininyamazia siku mbili. Tulielewana hivi: yeye alichagua vitu vyenye haviuzwi, mimi nikauza vyenye vilibaki. Sweta ya shosh haikuenda. Shali yenye mtoi alitoka nayo hosi haikuenda. Fanya hivyo pia. Toa vipande viwili, vitatu vya kumbukumbu, uviweke kando, halafu hizo zingine uziangalie kama mali.

Zigawe kama msee wa mtumba

Robota likifunguliwa, zile nguo kali zinatolewa kwanza, zinaitwa kamera. Zile zenye zinabaki mwisho kabisa, zimechoka, zinaitwa fagia. Wewe pia gawa begi lako mara tatu:

*Kamera.* Haina doa, zipu inafunga, vifungo vyote viko, rangi haijafifia. Hapa weka pia zile zenye bado ziko na lebo ya duka. Ziko nyingi kuliko unavyodhani, kwa sababu watu huleta zawadi za saizi ndogo na mtoi anazipita kabla hajazivaa.

*Za kawaida.* Zimevaliwa na inaonekana, lakini ziko sawa. Labda goti limefifia kidogo, ama kuna doa dogo. Hizi zinauzika, mradi doa ulitaje.

*Fagia.* Shingo imelegea, lastiki imekufa, kuna tundu. Hizi usiuze. Fanya za kupangusia, ama zikate mabaka ya kushonea zingine. Kipande kimoja cha fagia ukikiweka ndani ya seti, mteja atasahau vile vipande kumi vizuri, akumbuke hicho kimoja.

Chupi na nguo za ndani zenye zimevaliwa pia usiuze. Na kabla hujapita hapa, vuta kila kifungo. Kikilegea, kishone tena ama ukitoe, kwa sababu mtoi anaweza kukimeza kikamkaba. Kama koti liko na kamba shingoni, ichomoe. Hiyo kamba inaweza kunaswa pahali imnyonge mtoi.

Fua, anika, piga pasi

Maziwa ni mnafiki. Nguo unaiweka ikionekana safi, ikikaa miezi sita unapata doa la njano shingoni. Kwa hivyo hata kama ulizifua kabla ya kuziweka, zifue tena. Loweka usiku kucha na sabuni, sugua shingo na mikono, suuza hadi maji yawe safi, anika kwa jua.

Halafu pasi, na usiruke mishono na mikunjo. Kuna nzi anataga mayai kwa nguo zenye unyevu zikianikwa nje, na funza wake akiguswa na ngozi anaingia ndani. Pasi ya moto inaua hayo mayai.

Kitu kingine cha maana sana: zile tembe nyeupe za kabati, naftalini, zenye watu huweka kufukuza nondo na mende. Usiziweke na nguo za mtoi. Kuna watoi wanazaliwa na upungufu wa kitu damuni kinaitwa G6PD, na ni kawaida zaidi kwa watu wenye asili ya sehemu za malaria kama Pwani na upande wa Nyanza na Western. Mtoi kama huyo akivaa nguo ama akifunikwa blanketi lenye lilikaa na naftalini, chembe nyekundu za damu zinaweza kuvunjika, awe wa njano, awe mgonjwa vibaya. Kama begi lako linanuka hizo tembe, fua kila kitu na uanike nje kwa hewa na jua hadi harufu iishe kabisa. Kama harufu haiishi, usiuze.

Na usifunike harufu na pafyumu. Mathe wa mtoi mchanga huwa ananusa nguo kabla hajalipa. Mteja wangu wa kwanza aliinusa kila rompa tukiwa tumesimama hapo nje, moja baada ya nyingine, kisha ndio akatoa simu.

Kusoma saizi bila kubahatisha

Hapa ndio watu wengi wanakosa wateja, kwa sababu wanaandika "nguo za baby" halafu wanangoja. Nguo za Kenya zinatoka kila kona ya dunia, na kila kona ina lebo yake.

Nguo za Ulaya mara nyingi ziko na namba kama 62 ama 74. Hiyo ni urefu wa mtoi kwa sentimita, kutoka kichwani hadi kisiginoni. Za Uingereza na Marekani huandika miezi, na za Marekani zikipita hapo zinaenda 2T, 3T, 4T, maana yake mtoi wa miaka 2, 3, 4 hivi. Za Uchina, zenye ziko nyingi Eastleigh, nazo zinatumia sentimita lakini kwa hatua tofauti: 66, 73, 80, 90, 100.

Namba za Ulaya ukizigeuza kuwa umri, zinakuja karibu hivi:

- 56: miezi 1 hadi 2
- 62: miezi 2 hadi 4
- 68: miezi 4 hadi 6
- 74: miezi 6 hadi 9
- 80: miezi 9 hadi 12
- 86: miezi 12 hadi 18
- 92: miezi 18 hadi miaka 2
- 98: miaka 2 hadi 3
- 104: miaka 3 hadi 4
- 110: miaka 4 hadi 5

Lakini watoi hawalingani, na lebo hudanganya. Kuna mtoi wa miezi minne anavaa ya miezi tisa. Kwa hivyo ongeza kitu kimoja chenye mathe wa Kenya anakijua kichwani: kilo. Mtoi anapimwa kila akienda kliniki, na kitabu kinaandikwa. Fungua kitabu cha wako, angalia alikuwa na kilo ngapi wakati alivaa hizo nguo, uandike: "Wangu alizivaa akiwa kilo 7 hadi 9." Sentensi hiyo moja inaweza kukuokolea maswali ishirini kwa inboksi.

Kama lebo imefutika, chukua futi ya fundi. Pima kutoka bega hadi chini, na upana wa kifua chini ya kwapa. Andika hizo sentimita.

Picha: onyesha nguo, usionyeshe mtoi

Huhitaji simu ya bei. Unahitaji mwanga. Piga picha asubuhi ama saa kumi jioni karibu na dirisha ama mlango, zima flashi. Tandika shiti ya rangi moja kwa kitanda, panga seti yote ionekane kwa picha moja. Hiyo ndio picha ya kwanza. Halafu piga moja ya lebo, moja ya nyuma, na moja ya kila doa kwa karibu. Ndio, la doa pia. Mteja akiona umemwonyesha doa, ataamini vile umesema kuhusu zile zingine.

Sasa sikiza vizuri. Najua mtoi wako ni mrembo, na najua ile picha akiwa amevaa hiyo gauni inauza. Usiiweke. Ukiuza mtandaoni picha inaenda kwa watu usiowajua, inahifadhiwa, inatumwa mbele, na huwezi kuirudisha. Mtu asiye na nia njema ataona sura ya mtoi, atajua umri wake, na chini yake umeandika mtaa wenu na namba ya simu. Hiyo ni mingi kumpa mtu kwa sababu ya rompa. Mtoi pia ana haki ya faragha, iko kwa Sheria ya Watoto ya 2022, na bado hajafika umri wa kukuambia hapana.

Angalia pia nyuma ya picha. Ficha namba ya mlango, kitabu cha kliniki chenye jina, na beji ya shule.

Bei: uza seti, usiuze moja moja

Hesabu ni hii. Tuseme unauza rompa moja soo na finje. Mteja yuko Rongai, wewe uko Umoja. Delivari inaweza kuwa soo na finje pia, ama zaidi. Sasa rompa imekuwa mia tatu, na kwa mia tatu mtu anaenda sokoni anarudi na tatu. Hanunui.

Sasa chukua nguo zote za saizi moja:

- Rompa 5 kwa 150: 750
- Suruali 3 kwa 150: 450
- Sweta 2 kwa 250: 500
- Marvin 1: 50

Jumla 1,750. Uza zote kwa 1,500. Mteja anaona amepunguziwa, delivari ni moja, na mtoi amevalishwa miezi mitatu mbele. Wewe umeuza vipande 11 kwa mazungumzo mamoja badala ya kumi na moja.

Kupata bei ya kila kipande, anza na theluthi ya bei ya duka kwa zile za kamera. Nguo ya thao moja dukani, anza mia tatu hadi mia tatu na finje. Zile za kawaida, shuka hadi robo ama chini. Yenye bado iko na lebo ya duka, nusu ya bei ni haki. Koti zito, suti ya sherehe na viatu vya ngozi zinashikilia bei kuliko rompa na fulana, kwa hivyo hizo unaweza kuziuza kando.

Bei ya chini kabisa yenye utakubali iwe kichwani kabla hujaposti. Wakenya tutaomba kupunguziwa hata kitu kikiwa cha bure. Kama unataka 1,500, andika 1,700, halafu ushuke kwa heshima. Lakini usiandike "bei njoo inboksi". Watu wanapita.

Uposti wapi, uandike nini

Ukitafuta video za kuuza nguo za watoi, wengi watakuambia Vinted ama Poshmark. Achana nazo. Vinted ilianzia Lithuania mwaka 2008 na ni ya huko Ulaya, Poshmark ni ya Marekani. Hazitakusaidia ukiwa Kayole. Za hapa ni hizi:

*WhatsApp Status na magrupu.* Anza hapa. Watu wako na namba yako, wanakujua, na kuaminika tayari kuko. Grupu la ploti, la kanisa, la chama, la mathe wa kliniki. Uliza admini kwanza kama kuuza kunaruhusiwa.

*Facebook Marketplace na magrupu ya wamama.* Hapa kuna watu wengi na unaweza kulenga mtaa wako. Wakora pia wako wengi.

*Jiji.* Ndio yenye ilinunua OLX ya hapa Kenya mwaka 2019, kwa hivyo wasee wa kitambo wataikumbuka. Iko na sehemu ya vitu vya watoi. Inafaa kwa vitu vya bei kama koti.

*Instagram na TikTok.* Hizi ni za mtu mwenye anataka kugeuza hii kitu biashara. Kwa begi moja la nguo, usijisumbue.

Tangazo liandikwe hivi:

"Nguo za boy, miezi 6 hadi 9, lebo 74. Wangu alizivaa akiwa kilo 7 hadi 9. Vipande 11: rompa 5, suruali 3, sweta 2, marvin 1. Zimevaliwa na mtoto mmoja, zimefuliwa na kupigwa pasi. Rompa ya bluu ina doa dogo shingoni, angalia picha ya 4. Zote 1,700. Niko Umoja. Delivari ni juu yako, ama tukutane tao Jumamosi mchana. Siuzi moja moja."

Mtu akisoma hiyo hana swali lingine ila "bado ziko?" Mjibu haraka. Na zikiuzwa, andika ZIMEENDA, usiache watu wakipiga simu bure.

Kulipwa, na vile wakora hucheza

Nilikuahidi stori. Msee aliniandikia Facebook, akakubali bei bila kubishana, mia kumi na nane. Hiyo peke yake ingenistua. Akasema yuko kazini, anatuma boda kuchukua, analipa M-Pesa sai. Mesej ikaingia: jina langu, kiasi, salio jipya, kila kitu kama kawaida. Nikampa boda begi. Jioni nikienda kutoa pesa, salio ni lile la asubuhi. Kurudi kwa ile mesej, haikutoka kwa M-PESA. Ilitoka kwa namba ya kawaida. Boda mwenyewe hakujua kitu, alikuwa ametumwa tu kama mtu mwingine.

Kwa hivyo, sheria ni hizi:

1. *Usiamini mesej, amini salio.* Angalia salio lako mwenyewe kwa programu ya M-Pesa ama *334# kabla mzigo haujatoka mkononi. Mesej ya ukweli inaingia kwa mazungumzo yale yale ya zamani yenye jina MPESA, si kwa namba mpya.

2. *"Nimetuma kupita, nirudishie."* Mtu anasema alituma 2,500 badala ya 1,500, anataka thao lake. Usitume kitu kutoka kwa laini yako. Kama kweli alikosea, mwambie aforwadi ile mesej yake kwa 456, Safaricom ishughulike.

3. *Namba ya tarakimu sita.* Mtu anasema "nimekutumia namba ya kuthibitisha kama wewe ni muuzaji wa ukweli, nisomee." Hiyo ni namba ya kuingia kwa WhatsApp yako. Ukimpa, akaunti imeenda, na atakopa marafiki wako wote kwa jina lako.

4. *Linki ya malipo.* Mnunuzi wa nguo za mtoi hahitaji ubonyeze linki ili akulipe. Hahitaji PIN yako pia. Usibonyeze, usitoe.

5. *"Lipa usajili wa kampuni ya delivari, utarudishiwa."* Muuzaji halipi ili alipwe. Blok.

Mesej ya ukora ukiipata, iforwadi kwa 333, ni bure. Na kama utauza mara kwa mara, fungua Pochi la Biashara kupitia *334#. Pesa ya mauzo inakaa kando na ile yako ya kila siku, na unaona wazi umeuza ngapi kabla haijaliwa na tokeni za stima.

Kufikisha mzigo

Kwa Nairobi, njia rahisi ni kukutana tao mchana, pahali pa watu wengi. Archives, Kencom ama Afya Centre, kila mtu anazijua. Usiende kwa keja ya mtu usiyemjua, na usimwelekeze kwako. Mwache afungue, anuse, ahesabu. Halafu alipe, uangalie salio, muachane.

Kama hamwezi kukutana, kuna huduma za mizigo zenye ziko na maajenti mtaani, unaacha kwa ajenti wa karibu na yeye anachukulia kwa wake. Kama mteja yuko Nakuru, Kisumu ama Mombasa, tuma na basi ama mat za sako zenye ziko na ofisi ya mizigo. Piga picha ya risiti, mtumie. Kwa mbali hivyo, alipe kwanza. Yeye pia ataogopa, na ana haki. Mpigie video fupi ukipanga zile nguo kwa begi na kulifunga, akiona.

Uza saa ngapi ya mwaka

Usingoje kila kitu kimbane mtoi ndio uanze. Akianza kuvutwa na bega la nguo, posti. Lakini kuna misimu:

*Mei.* Uza sweta, koti na marvin, kwa sababu baridi ya Juni hadi Agosti inakuja na watu wanajipanga.

*Novemba na mwanzo wa Desemba.* Gauni na suti za krisi. Ikifika tarehe 27 hakuna mtu anataka.

*Januari, na kila wakati shule zinafunguliwa.* Uniform. Na hapa kuna siri: sweta yenye beji haina maana kwa mtu wa nje, lakini kwa mzazi wa shule hiyo hiyo ni dhahabu. Usiiposti Marketplace. Ipeleke kwa grupu la wazazi wa darasa lenye liko nyuma ya la mtoi wako. Hata ukiuza nusu bei, nyote mnacheka, kwa sababu Januari hakuna mwenye ako na kitu.

Zenye zimekataa kuuzika baada ya mwezi, shusha bei mara moja. Zikikataa tena, peana. Kuna watu kwa ploti yako wako na mtoi mdogo na hawawezi kusema hawana.

Tafuta mtoi mmoja wa nyuma yako

Hii ndio ilinisaidia kuliko zote, na niliijua kwa bahati. Yule mathe wa kunusa rompa, mtoi wake anafuata wangu na miezi saba. Miezi mitatu baada ya kununua, alinipigia kuuliza kama ile saizi ya mbele imeanza kumbana wangu. Ilikuwa imeanza. Tangu hapo siposti tena. Nguo zikimbana wangu, nafua, napiga pasi, napiga simu moja, tunakutana Archives. Sisi hatubishani bei, na mimi siangalii kama mesej ni ya ukweli, ingawa salio bado naangalia.

Kwa hivyo ukiuza seti ya kwanza, muulize mnunuzi mtoi wake ana miezi mingapi. Kama yuko nyuma ya wako na miezi sita hadi kumi, na ni wa aina moja ya mwili, hifadhi hiyo namba na jina la mtoi wake kando. Mwambie wazi: "Hizi za mbele nitakuwekea." Pia jua kuna mtu ako mbele yako, mwenye mtoi wake anaacha saizi yenye wako anaingia. Mtafute huyo naye.

Wikendi hii toa hilo begi chini ya kitanda. Toa za kumbukumbu kwanza, gawa zilizobaki mara tatu, loweka za saizi moja tu. Usianze na zote. Seti moja, picha nne, tangazo moja. Jumatatu jioni uwe umeposti.